Kupiga, Kuandika au Redio Kolu? Hesabu ya Kikundi cha Kihanga

Kikundi cha Kihanga, Karagwe, kiwe cha ulinzi wa usiku au cha wakulima wa kahawa, hutumia vocha nyingi zaidi kwenye kazi moja: kuwafikia wanachama wote. Tuchukue kikundi cha watu 30. Mwenyekiti akimpigia kila mmoja dakika moja na nusu, hizo ni dakika 45, bila kuhesabu aliyezima simu, aliyeko shambani, na mzee ambaye hutamwambia neno la mkutano kabla hujamaliza salamu za Kinyambo.

Kwa meseji, kazi hiyo ni meseji 30. Ila chunga urefu. Meseji moja hubeba herufi 160. Ukizidisha hata moja, unatozwa mbili. Ukiweka kikatuni cha kucheka, kikomo kinashuka hadi herufi 70. Katibu anayependa vikatuni ni gharama kwa kikundi.

Unafuu wa meseji unatokana na mzigo wenyewe. Simu ya kawaida ya 2G husafirisha sauti kwa biti 13,000 kila sekunde, yaani baiti 97,500 kwa dakika. Meseji nzima ni baiti 140 tu. Palipopita dakika moja ya maongezi zingeweza kupita meseji karibu 700.

Majeshi nayo yamepiga hesabu ya aina hiyo. Kwenye redio ya sauti, mmoja akiongea wote wananyamaza. Kikosi kikikua, foleni ya kuongea inakua nacho. Ujumbe wa data unaosema askari yuko wapi hupita kwa sehemu ya sekunde. Ndiyo sababu moja ya Uingereza kuanza mwaka 2004 kutumia mfumo wa kidijitali wa Bowman badala ya redio za Clansman, kwa mradi wa pauni bilioni 2.4. Askari walilalamikia uzito wake na betri, wakaligeuza jina hilo kuwa kifupisho cha maneno yenye maana ya heri ramani na Nokia. Mnunuzi wa Kihanga aukumbuke utani huo kabla ya kuchangisha fedha za simu janja 30: bei ya kifaa ni mwanzo tu, nyuma yake kuna chaji, bando na muda wa kufundishana.

Kundi la WhatsApp lina raha yake. Ujumbe mmoja unawafikia wote, picha ya mizani inaonekana, na asiyesoma vizuri anasikiliza sauti iliyorekodiwa. Lakini wanachama watano wakiwa na kitochi, simu ndogo ya vitufe, kundi hilo si la kikundi kizima, na hao watano mara nyingi ndio wazee wenye mashamba.

Redio kolu ndiyo inayowavutia walinzi: bonyeza, sema, wote wasikie, bila salio. Wauzaji hawatangulizi habari ya vilima. Redio ya mkononi inafika kilomita chache, na kilima kikikaa katikati hata hizo hazipo. Redio za kidijitali za mfumo wa DMR hupitisha maongezi mawili kwenye masafa yaliyokuwa yakibeba moja, na chaji yake hudumu zaidi, ila ni ghali. Tena ishara ikififia hukatika ghafla, wakati ile ya zamani ingekoroma na bado ungelisikia jina la mtu. Kwa doria nyuma ya mlima ningechagua inayokoroma. Ulizeni kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu leseni ya masafa.

Kwa wanaopiga simu, kubeba laini tatu za mitandao tofauti hakuna faida kama zamani. Ada ambayo kampuni hulipana kwa simu zinazovuka mitandao ilikuwa shilingi 26.96 kwa dakika mwaka 2017, na TCRA ikaishusha hatua kwa hatua hadi shilingi 2 mwaka 2022. Tafuteni bando la mitandao yote, kwenye laini inayoshika vizuri kijijini kwenu.

Ningekuwa mweka hazina, ningenunua simu janja moja ya katibu, wengine wabaki na vitochi. Bei ya kahawa, kilo zilizopokelewa na tarehe ya malipo viende kwa meseji, kwa sababu bei iliyoandikwa inamsaidia mkulima anayebembelezwa auze butura, yaani kahawa ikiwa bado shambani. Mwizi akiingia usiku, piga. Hakuna anayesoma meseji saa nane za usiku.

Mkienda mpakani Murongo, zimeni data ya nje ya nchi. Simu huweza kudaka mnara wa Uganda bila kukuuliza, na Kenya, Uganda na Rwanda zilipoanza kuondoleana gharama za ziada za simu za kuvuka mpaka mwaka 2014, Tanzania haikuwamo.