Tumbo lafunguliwa, utumbo wapatikana upande usio wake

Hebu fikiria, msomaji, mtoto wako amelala kwenye meza ya upasuaji. Ini jipya liko kwenye barafu na halifai kukaa humo zaidi ya saa 12 hivi. Daktari anafungua tumbo, na badala ya kuona kidole tumbo chini upande wa kulia, anakikuta juu upande wa kushoto. Utumbo mwembamba wote umerundikana kulia. Afanyeje?

Hii si hekaya. Ugonjwa unaofanya watoto wengi zaidi wabadilishiwe ini ni kuzaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Takriban mtoto 1 kati ya 10 wa aina hii huwa na kasoro nyinginezo: wengu zaidi ya mmoja, mishipa ya damu iliyopotea njia, au utumbo uliokaa vibaya.

Kasoro ya utumbo huanzia tumboni mwa mama. Karibu wiki ya 10 ya mimba, utumbo hurudi ndani kutoka kwenye kitovu ukizunguka nyuzi 270 kabla ya kushikizwa mahali pake. Usipomaliza mzunguko huo, hubaki ukining'inia kwa kikonyo chembamba kama embe mtini. Wako watu huzeeka hivyo bila habari. Kwa wengine hujisokota siku moja, damu ikakatika, ukafa kwa saa chache tu.

Ndiyo maana daktari hawezi kufumba macho. Mtoto huyu hana mrija wa nyongo, kwa hiyo kipande cha utumbo mwembamba huvutwa juu kikaungwa na ini. Utumbo ukijisokota baadaye, ini jipya nalo huenda na maji. (Wanaopewa figo wana nafuu hapa, kwani figo kwa kawaida huwekwa pembeni, nje ya utando unaofunika matumbo.)

Njia ya kurekebisha ilielezwa mwaka wa 1936 na William Ladd wa Boston, Marekani. Hukatwa tepe za nyama zinazobana, kikonyo kikatandazwa, utumbo mwembamba ukalazwa kulia na mpana kushoto. Kidole tumbo huondolewa, maana kikivimba siku za usoni maumivu yatakuwa upande usiotarajiwa.

Mara nyingi kazi hufanywa papo hapo. Lakini ikiwa mtoto alipasuliwa awali, huenda makovu yameushika utumbo imara, na kuyafumua ni kualika kutokwa na damu kwa mtoto ambaye damu yake haigandi vyema. Hapo daktari huamua peke yake. Hana nafasi ya kutoka nje kukuuliza.

Kwa hiyo uliza wewe, mzazi, kabla ya kutia sahihi: picha zimeonyesha utumbo na mishipa vimekaaje? Mkikuta mengine, mtafanya nini? Na kama mtoto aliwahi kutapika matapishi ya kijani, sema, hata kama hakuna aliyekuuliza. Akitapika hivyo baada ya kurudi nyumbani, mkimbize hospitali usiku huo huo.