Msiharakishe Kuuza Dume Mwekundu



Kikundi kikipata fedha kidogo, mara nyingi neno la kwanza mkutanoni ni hili: tuuze hawa kondoo wekundu wa Kimasai, tununue dume la Dorper. Ni kweli Dorper ni mkubwa na sokoni ana bei. Lakini ngojeni kwanza, tuulize huyu mwekundu ana nini ndani ya damu yake.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa mifugo waliwafuga kondoo wa aina hizo mbili pamoja huko Diani, Pwani, mahali penye unyevu na minyoo mingi. Walihesabu mayai ya minyoo katika kinyesi, wakapima na damu. Mwekundu alikuwa na mayai machache na damu bora, na watoto wa Dorper walikufa wengi zaidi. Adui mwenyewe ni yule mnyoo mwembamba wa tumboni anyonyaye damu, hata kope kwa ndani zinakuwa nyeupe na chini ya taya panavimba.

Nguvu hiyo haitoki kwa mchungaji hodari. Ni urithi, umo katika jeni, na kila mwana-kondoo hupata nusu ya jeni kwa baba na nusu kwa mama. Baadaye watafiti walichunguza jeni za machotara wa aina hizo mbili, wakaona nguvu hii haikai mahali pamoja, imetawanyika katika sehemu nyingi. Kwa hiyo hesabuni wenyewe. Jike mwekundu akipandwa na Dorper, mtoto ana nusu ya urithi wa mwekundu. Binti huyo akipandwa na Dorper tena, mjukuu anabaki na robo. Kitukuu, moja kwa nane tu! Kwa nje ni kondoo mnene wa kupendeza, lakini mvua ndefu zikija, pesa za kikundi zinaishia kwa dawa. Na dawa ikitumiwa ovyo, minyoo huizoea.

Hatusemi Dorper ni mbaya. Mahali pakavu anaweza kulipa vizuri. Mkitaka wote wawili, tengeni majike wekundu kadhaa na dume wao, na machotara wote wauzwe kwa nyama, wasizalishwe.

Tena, jamani, dume asipande binti zake. Badilishaneni na kikundi cha jirani kabla hawajakomaa. Lakini rangi peke yake si ushahidi: mwulizeni mwenye dume huyo baba yake alikuwa nani, na mama yake pia.