Je, Wajua? Oscar iliwahi kupewa mwandishi asiyekuwapo

Mwaka 1957, Oscar ya hadithi bora ya filamu ilitangazwa kwa Robert Rich, mwandishi wa The Brave One. Rich hakutokea, maana hakuwapo duniani. Lilikuwa jina la bandia la Dalton Trumbo.

Mwaka 1947, Trumbo na wenzake 9 wa Hollywood walikataa kujibu maswali ya kamati ya Bunge la Marekani kuhusu ukomunisti. Studio zikampiga marufuku, na mwaka 1950 akafungwa. Lakini alikuwa na watoto watatu wa kulisha, basi akaandika kwa siri kwa malipo duni, mara nyingi usiku, akiwa ndani ya beseni la kuogea.

Roman Holiday ya 1953 nayo ni hadithi yake. Oscar ikaenda kwa rafiki yake Ian McLellan Hunter, aliyekubali kumwazima jina. Kuuza kazi ya mwandishi huku ukimficha ni dhuluma.

Jina la Trumbo lilirudi kwenye skrini mwaka 1960, katika Spartacus na Exodus. Oscar ya The Brave One alikabidhiwa mwaka 1975. Ya Roman Holiday alipewa mjane wake, Cleo, mwaka 1993.