Nasaba ya Viumbe na Kijidudu Kilichobadilishiwa Ukoo

Pimbi anapoota jua juu ya mwamba hudhaniwa kuwa jamaa wa sungura, kumbe ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Wanabiolojia hawapangi spishi kwa sura pekee, hutafuta asili. Kundi la kweli ni mhenga mmoja wa kale pamoja na wazao wake wote, na ushahidi mkubwa siku hizi hupatikana katika chembe za urithi, ambamo mabadiliko madogo hupokezwa kizazi hadi kizazi.

Hayo yaweza kuonekana mambo ya makumbusho, si ya wodi. Kisa cha Pneumocystis, kijidudu kinachosababisha nimonia kali kwa watu ambao kinga yao imedhoofishwa na VVU, chaonyesha vingine. Mwaka 1909 nchini Brazili, Carlos Chagas alikiona akadhani ni hatua mojawapo ya maisha ya tripanosoma. Mwaka 1912 watafiti wa Paris walibainisha kuwa ni kiumbe cha peke yake, lakini kwa miongo mingi kiliendelea kuhesabiwa miongoni mwa protozoa: chini ya hadubini kilifanana nazo, na dawa za kuvu hazikukidhuru. Ni mwaka 1988, RNA ya ribosomu zake ilipolinganishwa na ya viumbe wengine, ndipo ilipodhihirika kuwa ni kuvu.

Mbona basi dawa hizo hazikiui? Flukonazoli na amfoterisini B hutegemea ergosteroli, mafuta yaliyomo katika utando wa seli za kuvu nyingi. Pneumocystis haina mafuta hayo. Lakini kupoteza sifa hakumtoi kiumbe katika ukoo wake. Nyoka hana miguu, na bado ni mzawa wa wanyama wa miguu minne.

(Kuvu zenyewe, kwa nasaba, ziko karibu zaidi na wanyama kuliko mimea. Si ajabu kwamba ni vigumu kuziua bila kumgusa mgonjwa. Wanaofuatilia figo za anayepewa amfoterisini B wanalijua hilo.)

Kwa hiyo mgonjwa mwenye VVU anayetumia flukonazoli kwa ajili ya utando mweupe mdomoni au homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu hajakingwa dhidi ya nimonia hii. Kinga yake ni kotrimoksazoli, ambayo wengi huiita septrini, inayozuia kijidudu kujitengenezea foleti. Asiiache kwa kudhani kwamba dawa moja ya kuvu yatosha kwa kuvu zote. Aulize kwanza kliniki.