Koo la mtoto si la kupuuzwa

Mtoto akilalamika koo, nyumba nyingi za pwani humpa maji ya chumvi asukutue. Wengine humpeleka akatwe kimeo. Baada ya siku chache anarudi kucheza na jambo linasahaulika. Kumbe kwa watoto wengi ugonjwa wa valvu za moyo huanzia hapo.

Moyo una valvu nne, milango inayofunguka damu ipite na kujifunga isirudi nyuma. Bakteria wa streptokokasi wanaposhambulia koo, mwili huandaa kinga. Kwa baadhi ya watoto, wiki mbili hadi nne baadaye, kinga hiyo hugeuka na kushambulia viungo na moyo. Mtoto hupata homa, na maumivu huhama: leo goti, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa kiwiko. Hiyo ni homa ya baridi yabisi. Ikijirudia, valvu hupata makovu, zikakakamaa au zikashindwa kufunga.

Wanaoshikwa zaidi ni wa miaka 5 hadi 15, hasa wanaolala wengi chumba kimoja. Madhara huweza kujificha kwa miaka, kisha pumzi inakata, moyo unakwenda mbio, miguu inavimba. Wapo wanawake wanaogundua wakiwa wajawazito, moyo unapozidiwa na kazi.

Wengine huzaliwa na kasoro ya valvu, na kwa wazee valvu hukakamaa kwa chokaa. Lakini hii ya koo inazuilika.

Kwa mgonjwa wa Mwera, wilayani Pangani, safari ni kuvuka Mto Pangani hadi hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Bombo jijini Tanga, na mwisho Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako valvu hutengenezwa au kubadilishwa. Anayewekewa valvu ya chuma hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Yote hayo yangeweza kuepukwa kwa penisilini, dawa ya bei nafuu.

Mzazi, kukata kimeo hakuui bakteria. Mtoto akiumwa koo na homa, mpeleke zahanati, na akiandikiwa dawa amalize dozi hata kama amepata nafuu. Aliyekwisha kuugua homa ya baridi yabisi asikose sindano yake ya penisilini ya kila wiki tatu au nne, mpaka daktari aseme basi.