Shangazi na Sahani ya Maharage

Juzi nilikuwa Kasulu kwa shangazi yangu, mgonjwa wa kisukari. Nilimkuta amesusa ndizi na maharage, eti rafiki yake wa Kibondo amekatazwa na daktari. Muha asusie maharage! Kumbe huyo rafiki figo zake zimechoka. Za shangazi zilipimwa, ni nzima.

Kiini cha mambo ni potasiamu, madini yanayouwezesha moyo kudunda sawasawa. Kwa kawaida damu huwa na milimoli 3.5 hadi 5 hivi kwa lita, na ziada hutolewa na figo kwenye mkojo. Kisukari cha miaka mingi kikiziharibu figo, potasiamu hujaa katika damu, na moyo unaweza kusimama ghafla. Mgonjwa wa namna hiyo ndiye anayepunguziwa ndizi na maharage, tena baada ya kupimwa damu, si kwa habari za kisimani.

Upande wa pili unanitisha zaidi. Sukari ikipanda mno, mgonjwa hukojoa ovyo na kutapika, na potasiamu humtoka. Kipimo cha damu huweza kuonyesha yuko sawa, kumbe mwilini imepungua mno. Akidungwa insulini, potasiamu huingizwa ndani ya seli, ile ya kwenye damu ikaporomoka. Ndiyo maana daktari hupima kwanza, na ikiwa chini humwongezea kwa dripu kabla ya insulini. Magnesiamu nayo hupotea kwenye mkojo, na ikikosekana potasiamu hairudi upesi.

Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayetapika apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, asingoje gari la kesho.

Shangazi nilimwacha jikoni, anachagua maharage.