Majani ya Kizungu ya Kutia Harufu katika Chakula

Mara kwa mara huulizwa na walimu na kina mama wa Masasi na Newala kama yale majani ambayo Wazungu huyatia katika nyama, samaki na mchuzi yaweza kumea katika nchi yetu, na kama yafaa kununuliwa. Jibu ni kwamba mengine hukubali, mengine hukataa, na mengine hukubali kwa masharti. Na sharti la kwanza, hasa kwa watu wa Newala, ni maji.

Mtu asiyepata kukaa juu ya uwanda wa Makonde hawezi kulielewa neno hili upesi. Mchanga wetu mwekundu huinywa mvua yote, wala hauachi kijito juu. Maji hutokea chini, katika mabonde yanayouzunguka uwanda. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza desturi za watu, aliandika jinsi maji yalivyotekwa mbali, chini ya genge. Katika miaka ya 1950 mitambo ilianza kuyapandisha maji kwa mabomba, na taabu ikapungua. Walakini bomba likikauka, ndoo hununuliwa kwa fedha, na asiye na fedha huteremka mwenyewe. Basi kabla ya kupanda jani lo lote, mwenye nyumba na ajiulize maji ya kulinywesha yatachukuliwa kichwani mwa nani.

Nasema hivi kwa sababu mimi nalipanda kwanza, nikajiuliza baadaye. Mwaka nilipohamia Newala nalitengeneza safu mbili za pasili, ambayo wengine huiita kotimiri ya kizungu, nikawa nawaonyesha wageni. Jioni moja mke wangu akaniambia kwa upole, "Baba Yohana, majani yako yamekunywa ndoo mbili leo, na watoto hawajaoga." Sikuwa na la kujibu. Kesho yake naliing'oa pasili yote ila mashina manne karibu na mlango wa jiko, mahali penye kivuli tangu adhuhuri. Na hayo manne yametutosha mchuzi mwaka mzima. Apendaye kuipanda ailoweke mbegu usiku mmoja, kisha awe na subira, maana huchukua majuma matatu au zaidi kuchipua, na wengi huilima tena mahali pale wakidhani imekufa.

Majina nayo huchanganya watu. Wasomaji wa Injili ya Mathayo wameyajua tangu shuleni majina ya mnanaa, bizari na jira. Lakini bizari inayotajwa pale ni mmea wenye majani membamba kama manyoya, si unga wa manjano tunaoutia katika mchuzi. Mtu akiuliza bizari dukani atapewa unga ule, wala kosa si la mwenye duka. Tena jani wanalolisifu sana Waitalia, pwani yetu inalo tangu zamani: ndilo mrehani, ambao wanawake wa mjini hutungia vikuba pamoja na asumini. Asili yake ni nchi za joto za Asia, kwa hiyo jua letu haliuogopeshi. Ule wa chakula una majani mapana zaidi na harufu ya utamu. Utauotesha kwa mbegu, na kila uonapo kichwa cha maua kinatokea, kikate. Usipokikata, majani hupungua na kuwa machungu.

Giligilani ndiyo rahisi kuliko yote, nami nashangaa kuona watu wakiinunulia pakiti za mbegu za bei kubwa. Nenda sokoni ununue giligilani nzima za mchuzi, zisizokaangwa. Zisugue taratibu kwa ubao mpaka kila punje ipasuke vipande viwili, kwa kuwa punje moja ni mbegu mbili zilizoshikamana. Panda mvua zikiisha, tangu mwezi wa tano hata wa saba, wakati wa baridi, kidogo kidogo kila baada ya majuma mawili au matatu. Ukizipanda zote siku moja utakula majani juma moja, kisha joto likizidi mmea huinuka ghafula na kutoa maua. Hapo uache mbegu zikomae, uzirudishe katika mchuzi.

Rosmarini na thaimu ni watu wa tabia nyingine. Kwao ni pwani za bahari ya Mediteranea, penye mawe na ukame, kwa hiyo mchanga wa Newala hauwachukizi. Adui yao ni mvua zetu za Januari hata Machi, na udongo mzito wa mabondeni Masasi. Rosmarini nyingi huku hufa kwa kupendwa: mtoto huambiwa ainyweshe, naye huinywesha asubuhi na jioni mpaka mizizi ioze. Ipande juu ya tuta lililoinuka, au katika debe lililotobolewa chini, na masika yakija lisogeze debe chini ya upenu. Usihangaike na mbegu zake, huchelewa mno. Omba kwa mwenzako kitawi kirefu kama kidole, ondoa majani ya chini, kichomeke katika mchanga wenye unyevu kivulini, na baada ya mwezi mmoja au miwili kitakuwa na mizizi.

Mnanaa ni kinyume chake, hunywa kama ng'ombe. Mahali pake ni pale mnapomwaga maji ya kuoshea mchele na mboga, ambayo yangepotea bure. Kipande cha shina chenye mizizi chatosha. Lakini ukitie ndani ya debe bovu, maana hutambaa hata kuzimeza mboga nyingine.

Wako watakaosema ni afadhali kununua. Kwa majani mengine ni kweli. Rosmarini na thaimu zikikaushwa hazipotezi nguvu sana, na kikopo kimoja hukaa miezi mingi. Bali pasili na giligilani zikikauka hubaki kama nyasi, usizitolee fedha. Duka likikuruhusu, fikicha jani mkononi: lisiponukia, mwachie mwenyewe. Katika kupika, kijiko kimoja cha chai cha majani makavu huwa badala ya vijiko vitatu vya mabichi. Na ukinunua mbegu, soma tarehe kwanza. Mimi nalinunua pakiti yenye picha nzuri, nikangoja mwezi mzima bila kuona hata chipukizi, ndipo nikaigeuza na kukuta muda wake umepita miaka miwili. Joto na unyevu huua mbegu upesi. Zilizobaki zitie katika chupa kavu pamoja na vipande vya makaa, uifunge sana.

Kuhusu biashara sina moyo wa kumshawishi mtu. Wakulima wa nyanda za juu za Kenya hupeleka majani kama haya Ulaya kwa ndege, na wa Lushoto hupeleka mboga za kizungu Dar es Salaam; lakini wao wana baridi ya milima, na maji. Huku kwetu ni mambo ya chungu cha nyumbani.

Limebaki jambo moja ambalo vitabu vya bustani vya Ulaya havilitaji, nalo ni mikorosho. Chini ya mkorosho wenyewe jani halitastawi kwa ajili ya kivuli kizito. Lakini hata mbali kidogo kuna hatari. Wakati wa kupulizia mikorosho unga wa salfa kwa ajili ya ubwiri, yaani miezi ya kiangazi, ule ule wakati bustani zetu ni nzuri, upepo huuchukua unga na kuutua juu ya kila kitu. Uliza jirani yako siku atakayopuliza, ukafunike kitanda kwa mkeka tangu alfajiri. Ikiwa unga umekwisha kutua, usidhani kusuuza mara moja kwatosha kwa majani madogo yenye manyoya kama ya thaimu: yakate yote uyatupe, ungoje machipukizi mapya.